Errai, Nyota Mchungaji, na Hoja ya Kisichoonekana

Errai ni nyota ya rangi ya chungwa katika kundinyota la Kifausi, karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Nuru yake husafiri miaka 45 hivi kabla ya kufika duniani. Katika orodha za wanafalaki huitwa pia Gamma Cephei. Kwa hatua ya maisha imelitangulia Jua mbali: haidrojeni ya kiini chake imekwisha kuungua, matabaka yake ya nje yameanza kufutuka, na upana wake umefikia karibu mara 5 ya upana wa Jua, ilhali maada yake haifiki hata mara moja na nusu. Iko kizingitini mwa hatua iitwayo ya nyota jitu, na vitabu vingine vimekwisha kuihesabu humo. Tena haiko peke yake. Huzungukana na nyota kibeti nyekundu yenye maada ya kama sehemu nne katika kumi za Jua, na mzunguko wao mmoja huchukua miaka 67 hivi. Ndani ya milki hiyo ya wawili kuna sayari inayoizunguka nyota kubwa kwa siku 900 na ushei, kwa umbali wa mara mbili wa ule wa Dunia na Jua. Ni mpira mkubwa wa gesi, mzito kuliko Mshtarii.

Jina Errai limetokana na Kiarabu, al-Rai, maana yake mchungaji. Kiswahili hakikulichukua neno hilo lenyewe, bali kilimchukua ndugu yake wa tumbo moja: raia. Asili ya raia ni kundi linalochungwa, wale walio chini ya uangalizi wa mwenye fimbo, na Mswahili anapotaja raia wa nchi hutamka mzizi uleule ulioipa nyota hiyo jina. Sayari nayo ilipewa jina mwaka 2015, katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Falaki, kwa pendekezo la chama cha falaki cha Syria. Inaitwa Tadmor, jina la kale la mji wa Palmyra. Mchungaji basi ana kondoo mmoja anayejulikana, naye hakuna jicho lililowahi kumwona. Hakuna picha ya Tadmor wala nuru yake iliyopokewa peke yake. Kinachojulikana ni kwamba mchungaji hatulii mahali pake, na mtikisiko wake una mpangilio.

Hapo ndipo falaki inapokutana na swali la zamani kuliko darubini. Kitu kisichoonekana kikijulikana kwa alama zake tu, je, huko ni kujua au ni kukisia kwa adabu? Na ikiwa ni kujua, je, njia hiyohiyo inaweza kumfikisha mtu kwa Mungu?

Segerea, kitongoji cha wilaya ya Ilala pembezoni mwa Dar es Salaam, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya masomo. Hapo ipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambako vijana wa majimbo mbalimbali ya Kanisa Katoliki husomea teolojia kabla ya kupewa daraja la upadri. Hoja za kuwapo kwa Mungu kutokana na viumbe ni sehemu ya urithi wanaoupokea. Mtaa wa pili au wa tatu kutoka hapo, na vivyo hivyo Tabata, Temeke na Kinondoni, zipo madrasa ambamo elimu ya tauhidi hufundishwa kwa utaratibu wa sifa ishirini, uliosambaa pwani yote ya Waswahili kutokana na maandishi ya al-Sanusi, mwanachuoni wa Tlemcen wa karne ya 15. Sifa ya kwanza katika mpango huo ni kuwapo, na dalili yake ni kwamba ulimwengu umezuka: ulikuwa haupo, ukawa. Watoto wa madrasa na waseminari, ingawa hawakai darasa moja, wanafundishwa hatua ileile ya akili, yaani kutoka kwenye athari kwenda kwa mwenye kuathiri.

Sababu ya pili ni ya mahali penyewe duniani. Segerea iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 6 na dakika 50 hivi. Kutokana na hilo Errai haipandi juu ya upeo wa kaskazini zaidi ya nyuzi 5 na nusu, hata inapofika kileleni mwa njia yake, mwanzoni mwa Oktoba kwenye saa tano za usiku au mwanzoni mwa Novemba kwenye saa tatu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa vidole, na Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetunga kwa Kiarabu shairi la kuongoza safari za hadi Sofala, alijua kimo kidogo namna hiyo kina maana gani: vidole vitatu na kidogo juu ya maji. Nyota iliyo chini kiasi hicho hupenya hewa nene mara nyingi kuliko nyota ya utosini, na nuru yake hufifia. Juu ya taa za Ubungo na Kimara, vumbi na moshi wa jiji, Errai haionekani kwa macho matupu kutoka Segerea. Imo angani, mahali pake panahesabika hadi sehemu ndogo ya nyuzi, lakini mtu aliyesimama uani akitazama kaskazini hapati kitu. Kwa mkazi wa Segerea, basi, si kondoo tu aliyefichika. Hata mchungaji wake ni wa kupokewa kwa hesabu na kwa ushahidi wa wengine.

Namna sayari hiyo ilivyojulikana ina mafunzo mengi kuliko ukubwa au umbali wake, na inastahili kuelezwa taratibu. Sayari haizunguki nyota iliyotulia kama nguzo. Vyote viwili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, na kwa kuwa nyota ni nzito mno, kitovu hicho hukaa karibu nayo, ikawa kama mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa mikono: mtoto huruka duara kubwa, mtu mzima huyumba kidogo tu. Nyota ikiyumba kuja upande wa Dunia, mistari ya giza iliyo katika rangi za nuru yake husogea upande wa buluu. Ikirudi nyuma, husogea upande wa nyekundu. Kwa Errai msogeo huo ni mdogo sana. Kasi ya kuyumba kwake kwa ajili ya Tadmor ni kama mita 27 kwa sekunde, mwendo wa gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu. Kutambua mwendo wa kasi hiyo katika nyota iliyo mbali kiasi hicho ni kazi ya rula makini kupita kiasi.

Rula hiyo ilitengenezwa na Wakanada. Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang waliipitisha nuru ya nyota katika chombo chenye gesi ya floridi ya haidrojeni, gesi yenye sumu kali, ili mistari ya gesi ichapwe juu ya mistari ya nyota na kuwa kipimo kisichoteleza. Walifanya kazi katika darubini iliyoko kilele cha Mauna Kea, Hawaii, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1988 walichapisha matokeo yao, na kati ya nyota walizozichunguza Errai ilionyesha mambo mawili: mvuto mrefu wa mwenzi mzito, ambaye ndiye ile nyota kibeti, na juu yake mtikisiko mdogo unaojirudia. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ameithibitisha sayari hata moja ya nyota nyingine iliyo kama Jua.

Mwaka 1992 watafiti walewale, Walker akiwa mbele, walirudi nyuma. Errai wakati huo ilihesabiwa kuwa nyota jitu iliyokomaa, na nyota majitu zina tabia ya kutetemeka na kuwa na mabaka usoni ambayo, nyota inapojizungusha, huweza kuiga mtikisiko wa sayari. Vipimo vyao vilionyesha dalili za kutosha kuwatia shaka. Wakaandika kwamba mabadiliko hayo yaelekea ni ya nyota yenyewe. Miaka 3 baadaye, Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, na kwa ugunduzi huo wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Wakanada walikuwa wameiachia heshima iliyokuwa mkononi mwao. Ndipo mwaka 2002 Artie Hatzes, William Cochran na wenzao, wakiunganisha vipimo vya zaidi ya miaka 20 pamoja na vile vya darubini za McDonald huko Texas, walionyesha kwamba mtikisiko umeshika mapigo yaleyale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mabaka ya nyota huja na kufutika. Hayawezi kushika saa moja kwa miaka 20. Sayari ilikuwapo tangu mwanzo.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama bahati mbaya ya watu waliokosa ujasiri. Tafsiri hiyo haiwatendei haki. Waliokiri shaka mwaka 1992 walikuwa na ushahidi ambao wakati huo ulikubali maelezo mawili, nao hawakuchagua lile lenye sifa zaidi. Mwenye kutaka kujua kisichoonekana anahitaji tabia hiyo kuliko anavyohitaji chombo chochote, na dini ambayo ina neno uadilifu kwa ajili ya shahidi inapaswa kuitambua tabia hiyo inapoiona.

Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikwisha kuigusa tofauti hii ya kujua na kukisia kwa mfano wa falaki. Katika swali la 2 la sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae anatenganisha uthibitisho unaoanzia kwenye sababu na uthibitisho unaoanzia kwenye matokeo. Wa pili huonyesha kwamba kitu kipo, hata kama haufunui kilivyo. Juu ya msingi huo anajenga njia zake tano. Lakini mbele zaidi, katika swali la 32, anapouliza kama Utatu Mtakatifu unaweza kujulikana kwa akili peke yake, anaongeza onyo. Ipo hoja inayothibitisha jambo kwa ukamilifu, na ipo hoja inayoonyesha tu kwamba jambo likichukuliwa kuwa kweli, yanayoonekana yanapatana nalo. Mfano wake wa aina ya pili ni miduara ambayo wanafalaki wa zama zake waliitumia kueleza mwendo wa sayari: inapatana na yanayoonekana, lakini haikuthibitika kwa hilo, kwani huenda maelezo mengine yakapatana nayo vilevile. Baada ya miaka 300 na ushei ikadhihirika kwamba alikuwa sahihi kuhusu miduara. Na mwaka 1992, bila kumtaja, watafiti wa Errai walifanya kama alivyoelekeza.

Upande wa elimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, tatizo hilohilo lina jina lake. Wanazuoni walisema juu ya kumpima ghaibu kwa shahidi, yaani kuhukumu kisichoonekana kwa kulinganisha na kinachoonekana. Anayeona moshi husema kuna moto, kwa kuwa mahali pengine ameuona moshi na moto pamoja. Wa baadaye, al-Ghazali akiwa mmoja wao, waliibana kanuni hiyo, kwa sababu inafaa tu pale vitu viwili vinaposhirikiana kweli katika sababu ya hukumu. Sayari Tadmor ni ghaibu kwa macho, lakini ni ghaibu ya jinsi ileile ya Mshtarii, ambao kila mtu wa Segerea anaweza kuuona bila darubini. Ina uzito, ina njia, ina mahali. Aliyekwisha kujua sayari moja ana haki ya kukisia nyingine. Mwenyezi Mungu, kwa mafundisho ya dini zote mbili, hana jinsi. Hakuna mungu aliyewahi kuonekana akiwa ubavuni mwa ulimwengu mwingine ili huyu naye apimwe kwa huyo.

Hapo ndipo mahubiri mengi hukosea njia. Ni jambo la kawaida kusikia mimbarini au kwenye mkutano wa hadhara kwamba kama wanasayansi wanaamini sayari wasizoziona, basi nao wamekiri imani. Hoja hiyo inavutia, na aliyeitoa mara nyingi ana nia njema, lakini inamshusha Mungu kuliko inavyompandisha. Sayari isiyoonekana iliwekwa mwaka 1988, ikaondolewa mwaka 1992, ikarudishwa mwaka 2002. Ilikuwa haki yake kuondolewa, maana kitu kilicho sehemu ya ulimwengu husimama na kuanguka kwa vipimo. Sasa sayari za nje zilizoorodheshwa zimepita 5000, na mojawapo ina jina la nyumbani: mwaka 2019, Umoja wa Falaki ulipotimiza miaka 100, Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina Mpingo na sayari yake jina Tanzanite. Hiyo haikujulikana kwa kuyumba kwa nyota kwanza, ila kwa kivuli. Kila siku 3 kasoro kidogo nuru ya Mpingo hupungua kiasi kidogo, kwa sababu sayari imepita mbele. Kumwingiza Mungu katika orodha ya namna hiyo, kama kitu cha 5001 kilichokisiwa kwa alama, ni kumfanya asubiri kipimo kinachofuata. Hoja ya Thoma na ya al-Sanusi, ikieleweka vizuri, haisemi kwamba kuna mtikisiko fulani ambao bado haujapata maelezo. Inauliza kwa nini kuna chochote cha kutikisika. Anayeielewa hivyo hana hofu na mwaka 1992 wala furaha isiyo na msingi na mwaka 2002.

Hata hivyo, isichukuliwe kwamba ujuzi kwa alama hauna kazi ndani ya dini. Unayo kila mwaka, na Waislamu wa Dar es Salaam wanaufahamu kuliko watu wengi. Mwezi wa Ramadhani huingia kwa kuandama. Ushahidi wa mtu mwadilifu aliyeuona hilali hupokewa na maelfu ambao hawakuuona, na juu ya neno lake watu hufunga. Umekuwapo ubishi wa miaka mingi kama mwandamo wa nchi nyingine unatosha, na kama hesabu ya falaki inaweza kumkatalia shahidi anayedai kuuona mwezi usiowezekana kuonekana; katika jiji moja, tangu Kinondoni hadi Temeke, zimewahi kuswaliwa Idi mbili kwa siku mbili. Mtu anaweza kuhuzunika kwa mfarakano huo, lakini ndani yake mna fikra iliyokomaa: kuona ni aina mojawapo ya kujua, ushahidi ni nyingine, hesabu ni nyingine, na kila moja ina masharti yake. Shahidi huulizwa uadilifu wake. Mwenye hesabu huulizwa misingi yake. Mkazi wa Segerea anayeamini kuwapo kwa Errai bila kuiona anaamini kwa mchanganyiko huohuo, na hakuna aibu ndani yake.

Uwili wa Errai nao unaleta swali la pili, ambalo pwani limekaa katika methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika elimu ya tauhidi methali hiyo ina ndugu mzito zaidi, hoja iitwayo ya kuzuiana. Wangekuwapo miungu wawili, mmoja akataka jambo na mwingine akalikataa, ama matakwa yote mawili yatimie, jambo lisilowezekana, ama mmoja ashindwe, na aliyeshindwa si mungu. Aya ya 22 ya Sura al-Anbiya ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la hoja hiyo: mbingu na ardhi zingeharibika lau zingekuwa na miungu zaidi ya Mmoja. Sasa iko sayari yenye majua mawili. Nyota kibeti katika njia yake ya duaradufu huikaribia Errai hadi umbali wa mara 12 hivi wa ule wa Dunia na Jua, mbali kidogo tu kuliko Zohali ilivyo kwetu. Kila miaka 67 fahali wa pili hupita kando ya zizi. Wanafalaki walipata taabu kueleza jinsi sayari kubwa ilivyoweza kuumbika hapo, kwa maana mvuto wa nyota ya pili ungelikata sinia la gesi na vumbi ambamo sayari huzaliwa. Hata hivyo Tadmor ipo, na mwaka wake hautetereki.

Mpinzani angeweza kusema: hapa mafahali wawili wamekaa zizi moja, na hakuna kilichoharibika. Jibu linahitaji kuangalia fahali ni nani hasa. Nyota mbili za Errai si watakaji wawili. Hakuna inayoamuru. Zote mbili, pamoja na sayari, hutii kanuni moja ya mvuto, ileile iliyoandikwa na Newton mwaka 1687 kwa ajili ya Mwezi na kujaa na kupwa kwa bahari. Utulivu wa sayari chini ya majua mawili hutokana na kutokuwapo kwa amri mbili. Zingekuwapo kanuni mbili za mvuto, moja kwa kila nyota, ndipo zizi lingevunjika. Kwa hiyo mfumo huu hauidhuru hoja ya kuzuiana. Na hauithibitishi pia, kwa kuwa umoja wa kanuni ni jambo la maumbile, na kutoka hapo hadi kwenye umoja wa Mungu bado iko hatua ambayo akili hulazimika kuipiga yenyewe. Kinachoonekana ni kwamba wingi wa watawala angani ni wingi wa wenye kutawaliwa. Jina la mchungaji, kwa usahihi, lingefaa kuwa raia.

Swali la tatu ndilo linaloigusa Errai kwa undani zaidi. Katika Sura al-Anam, aya ya 76 hadi 79, Nabii Ibrahim anaiona nyota usiku na kuitaja kuwa mola wake. Inapotua anaiacha, kwa kuwa hapendi vinavyotua. Anafanya hivyo kwa mwezi, kisha kwa jua, hadi anapoelekeza uso wake kwa Muumba wa vyote. Wafasiri wameeleza kwamba alikuwa akijadiliana na watu walioabudu nyota. Mji wa Tadmor, ambao sayari imebeba jina lake, ni wa mila za namna hiyo: katika hekalu la Bel dari ya chumba cha kaskazini ilichongwa sayari saba zikizungukwa na alama za buruji 12. Hekalu hilo lilibomolewa kwa baruti Agosti 2015, katika mwaka uleule sayari ilipopewa jina.

Lakini Errai huleta ugumu katika simulizi hiyo. Mtu aliyesimama Tadmor, kaskazini mwa ikweta kwa nyuzi 34 na nusu, haioni ikitua. Huko huzunguka ncha ya anga usiku kucha na mchana kutwa bila kugusa upeo. Kwa Segerea hutua kila siku, tena baada ya kuinuka vidole vitatu tu. Jahazi linalotoka Zanzibar kwenda Maskati, likishapita Ras Asir na kuufikia usawa wa Sokotra, huvuka mstari ambao baada yake nyota hiyo haizami tena. Ikiwa kutua ni kule kupotea machoni, basi nyota moja ingekuwa ya kuachwa Segerea na ya kuabudiwa Tadmor, na hoja ya Ibrahim ingetegemea mahali pa kusimama.

Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1209 na ambaye tafsiri yake inaitwa Funguo za Ghaibu, alikwisha kuliona tatizo lililo jirani na hilo. Kwake kutua ni alama ya kubadilika: kitu kinachotoka hali moja kwenda nyingine ni kitu kilichozuka, na kilichozuka kina mwenye kukizusha. Kwa maelezo hayo hoja haihitaji upeo wa macho. Na hapa habari za karne hii zinaisaidia kwa namna ambayo al-Razi hakuitarajia. Nyota isiyotua kwa mtu wa Tadmor inayumba kwa mwendo wa gari barabarani kwa ajili ya sayari yake, na kwa mwendo mkubwa zaidi kwa ajili ya mwenzi wake. Kiini chake kimekwisha mafuta ya kwanza. Inafutuka, na majitu ya namna yake huendelea kufutuka hadi yameze sayari zilizo karibu, kama Jua litakavyozimeza Utaridi na Zuhura baada ya miaka bilioni kadhaa. Mwaka 2023 wanafalaki waliripoti mwako wa nyota ulioonekana mwaka 2020, ukiwa ni wa nyota kumeza sayari yake. Hakuna kisichotua katika habari hizo, hata pale ambapo hakuna upeo wa kutulia.

Ipo pia sauti nyingine ya pwani na bara ambayo haipaswi kufunikwa na hoja hii. Wakulima wa Afrika Mashariki hawakuona kutua kuwa ni aibu ya nyota. Kilimia kilipewa jina kwa ajili ya kulima, na methali yake yasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kuzama ndiko kulikokuwa habari. Nyota isiyozama isingewaambia kitu kuhusu mbegu. Biblia ya Kiswahili ilikichukua Kilimia hichohicho kwa ajili ya kundi la nyota linalotajwa katika sura ya 38 ya kitabu cha Ayubu, mahali ambapo Mungu anamuuliza mwanadamu kama anaweza kulifunga. Kinachotua, basi, hakifai kuabudiwa, lakini kinafaa sana kuwa ishara, na pengine kinafaa kwa sababu kinatua. Hili linamrudisha msomaji kwa Tadmor: kama Errai ingetulia kama nguzo, sayari isingejulikana kamwe. Udhaifu wa nyota ndio uliokuwa ushahidi.

Nyota inayosifiwa kwa kutotikisika ni Kutubu, iliyo karibu kabisa na ncha ya kaskazini, na ambayo Segerea haiinuki kamwe juu ya upeo wa bahari. Lakini mhimili wa Dunia huyumba taratibu kama pia inayoelekea kuanguka, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na ncha inahama. Inahamia Kifausi. Kuanzia karibu mwaka 3000 Errai ndiyo itakayokuwa karibu na ncha kuliko Kutubu, na wasafiri wa kaskazini watakaotaka nyota ya kuwaongoza watamtazama mchungaji, nyota yenye mwenzi na sayari isiyotulia hata kidogo. Kwa kadiri inavyosogelea ncha, kimo chake juu ya Segerea hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi kila karne. Zile nyuzi 5 na nusu za sasa zitakuwa zimekwisha baada ya miaka 1000 hivi, na kuanzia hapo Errai haitachomoza tena Segerea, wala Temeke, wala mahali popote pa mwambao wa Tanzania ulio kusini mwake.